Visahani vya Rangi ya Lundo

Siku ile mjinga alikuwa Léonce. Lisemwe mapema, ili mtu asihangaike kumtafuta mjinga katikati ya hadithi, maana wapo wengine ambao kwa sura tu wangefaa kabisa, na mmoja wao alikuja na vuvuzela. Mwenyewe Léonce alikuja kukubali wiki mbili baadaye, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, na kwa sauti ya mtu anayezungumza na viatu.

Ilikuwa Agosti ya 2010. Kombe la Dunia lilikuwa limeondoka mwezi mmoja nyuma, likaliachia jiji la Johannesburg bendera zilizopauka kwenye vioo vya magari. Kusini mwa jiji, chini ya lundo la mchanga wa njano lililoachwa na machimbo ya dhahabu ya zamani, kulikuwa na uwanja wa shabaha wa klabu moja ndogo. Bunduki zao zilikuwa zile ndogo, ambazo risasi yake ni nyembamba kuliko kidole cha mwisho. Watu wasiojua huicheka. Lakini risasi ile ikishavuka mita hamsini huanza kuchoka: inashuka njiani, na upepo unaisukuma kando kama mtu mwembamba kwenye foleni ya teksi katika kituo cha Noord. Kwa bunduki kubwa, mita mia na arobaini ni kwa jirani. Kwa hii ndogo ni safari, na mwisho wa safari kinakungoja kisahani cha chuma kisichozidi kisosi cha chai.

Kazi ya Léonce ilikuwa kuvitundika visahani hivyo, kupima umbali wake na kuvipaka rangi vikishapigwa. Miaka mitatu alikuwa anapanda na kushuka mteremko ule na kopo la rangi mkononi na goti la kushoto likilalamika. Kabla ya hapo, kule Gitega, alifundisha hisabati miaka kumi na mmoja. Katika Johannesburg nzima aliyekuwa bado anamwita mwalimu alikuwa Joséline peke yake, mama wa Bukavu mwenye saluni pale Yeoville, na hata yeye alimwita hivyo siku anazotaka asogezewe jokofu.

Basi mkufunzi wa klabu, aliyekuwa akiwafundisha wanaoanza kila Jumamosi, akahamia Durban. Ikabaki fulana yake ya kijani yenye neno la mkufunzi mgongoni, imetundikwa kwenye msumari ndani ya kibanda cha klabu. Léonce aliiangalia fulana ile kila alipokwenda kuchukua brashi. Siku moja, kibanda kikiwa kitupu, aliivaa. Ilimbana kidogo tumboni. Akasimama mbele ya viti vitupu, akasema, "Haya, tulieni," akaivua haraka na kuirudisha kwenye msumari.

Wa pili aliyeitaka alikuwa Emérite, Mrundi mwenzake, mama wa mtoto aitwaye Orpha, ambaye siku za wiki alisuka nywele na kupaka kucha kwa Joséline, na mwisho wa wiki aliandika matokeo pale klabuni. Wote wawili walikuwa wamejifunza kupiga pamoja. Mechi zikiisha, mwenyekiti wa klabu, Mzee Burhani, mtu wa Tanga mwenye leseni zake zote, aliwalaza chini mmoja mmoja na bunduki ya klabu, yeye kando yao kama sheria inavyotaka, akawaachia risasi zilizobaki.

Wote wawili walipiga vizuri. Tatizo ni kwamba walipiga kwa dini mbili.

Léonce alikuwa mtu wa vitone. Ndani ya darubini ya bunduki kuna msalaba, na chini ya msalaba vinashuka vitone vinne. Bunduki imewekewa mita hamsini; kisahani kikiwa mbali zaidi, huzungushi kitu. Unakipandia tu: mita sabini na tano unakiweka kwenye kitone cha kwanza, mia kwenye cha pili, mia na ishirini kwenye cha tatu, mia na arobaini kwenye cha nne. Bunduki inainuka yenyewe, risasi inashukia mahali pake.

Emérite alikuwa mtu wa nobu. Juu ya darubini kuna nobu inayozunguka kama ya redio ya zamani. Unaizungusha mpaka kwenye umbali wa kisahani, halafu msalaba unauweka katikati ya kisahani, basi. Na kwa kuwa namba za pale ni ndogo mno, alikuja siku moja na chupa tano za rangi za kucha, akaweka alama pembeni mwa nobu: nyeupe mita hamsini, pinki sabini na tano, nyekundu mia, kijani mia na ishirini, zambarau mia na arobaini.

Léonce alipoziona alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Orpha, hii ni bunduki au bibi harusi?"

"Ni bunduki, kaka Léonce. Bibi harusi hakosi mita mia kama wewe juzi."

"Juzi palikuwa na upepo."

"Kwako upepo unavuma kila unapokosa. Ukipata, hali ya hewa ni nzuri."

Waliendelea na mabishano hayo saluni wiki nzima. Léonce alikuwa anapita pale jioni kwa kisingizio cha kusalimia, anasimama mlangoni na kuanza: mtu wa nobu anapoteza muda, mtu wa nobu akisahau amezungusha mara ngapi amekwisha, mtu wa nobu hafikirii kwa kichwa bali kwa vidole. Emérite anamjibu bila kuinua macho kutoka kichwa anachosuka.

"Mwalimu," Joséline akamwambia siku ya Alhamisi, "hii maneno yenu iko inachosha wateja. Huyu mama aliingia na nywele fupi, sasa anajua risasi inashuka sentimita ngapi."

"Inashuka nyingi," akasema yule mteja.

Mzee Burhani naye alichoka. Alikuwa na watu wawili, fulana moja, na wanaoanza kumi na wawili waliojiandikisha kuanza Septemba, na hakutaka wafundishwe dini mbili.

"Jumapili mtapiga," akasema. "Bunduki ile ile ya klabu kwa wote wawili, risasi kumi, dakika mbili. Atakayezidi avae fulana, afundishe njia yake. Atakayeshindwa aendelee na rangi. Na mimi nisisikie tena habari ya vitone wala kucha, nina presha."

Sasa, klabu ile ilikuwa na desturi yake: anayetundika visahani ndiye anayeamua vipigwe kwa mpangilio gani na viwe na rangi gani. Mechi kwa mechi, mwaka kwa mwaka, hakuna aliyeihoji, kwa sababu mtundikaji hakuwahi kuwa mshindani. Mzee Burhani hakuliwaza hilo. Léonce aliliwaza usiku na mchana, akilala nalo na kuamka nalo.

Jumamosi alipanda mteremko na daftari. Mpangilio wa kawaida huanza karibu na kwenda mbali, hatua kwa hatua, raha mustarehe. Yeye aliandika: hamsini, mia na arobaini, sabini na tano, mia na ishirini, mia. Kisha tena hivyo hivyo. Kila risasi, mtu wa nobu atalazimika kuizungusha mbele na nyuma kama anayetafuta stesheni ya mpira, na saa inakwenda. Mtu wa vitone anahamisha jicho tu.

Angeishia hapo tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Lakini alikuwa na kopo la rangi, na visahani vyote vilikuwa vyeupe, na vyeupe vinaonekana kutoka Soweto. Akajiambia kwamba mchezo umekuwa rahisi mno, kwamba ugumu wa shabaha si udogo wake tu bali na namna inavyojificha. Akachanganya nyeupe na njano, akaongeza kahawia kidogo, akapaka, akarudi nyuma hatua thelathini, akaongeza njano, akarudi tena. Jioni ilipokaribia visahani vyote vitano vilikuwa na rangi ile ile ya lundo la machimbo lililokuwa nyuma yake na majani makavu ya Agosti yaliyokuwa mbele yake. Léonce mwenyewe alitafuta cha mwisho dakika nzima, na alikuwa amekishika mkononi dakika tano kabla ya hapo. Lakini yeye ndiye aliyevitundika. Vipo wapi anajua. Mwingine ndiye atakayevitafuta.

Jumapili jua lilikuwa kali kwa siku ya baridi, na hewa juu ya mchanga ilikuwa inachezacheza kama juu ya jiko. Wanachama walibeba soseji zao wakaja na viti. Joséline alikuja na vuvuzela, na Mzee Burhani akampa kazi ya kuanzisha na kumaliza muda, ili angalau apulize mara nne tu.

Emérite alipanda hadi kwenye mstari, akakunja mkono juu ya macho, akaangalia mteremko. Akaangalia tena. Halafu akakiangalia kidole gumba cha Léonce.

"Kaka Léonce, una homa ya manjano?"

"Rangi tu, Mama Orpha. Nimevipaka upya."

"Naona umevipaka. Sioni ulichopaka."

"Mechi kubwa ndivyo zilivyo."

"Sharp, sawa," akasema Emérite, akakaa.

Léonce aliomba atangulie. Kule Gitega, alieleza, mwalimu hufanya swali la kwanza ubaoni. Akajilaza, akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki, Mzee Burhani akalala kando yake na darubini yake ya miguu mitatu. Nobu ilikuwa kwenye nyeupe. Pete ya darubini, ile ya kukuza picha, ilikuwa kwenye kumi, mahali pake. Joséline akapuliza.

Cha mita hamsini: ting. Sauti tamu. Watu wakapiga makofi.

Akahamia mia na arobaini. Na hapo, kwa mara ya kwanza, alivitafuta visahani vyake akiwa amelala badala ya kusimama. Darubini ikikuza mara kumi, kila kitu ni kikubwa lakini dirisha ni dogo. Ndani ya dirisha Léonce aliona mchanga wa njano. Akasogeza kidogo. Mchanga wa njano. Akasogeza zaidi: kichaka, halafu mchanga wa njano unaotetemeka kwa joto. Alijua kilipo, kilikuwa kushoto kwa lile jiwe. Jiwe lilikuwa la njano.

"Sekunde thelathini zimekwenda," akasema Mzee Burhani.

Mkono wa Léonce ukafanya jambo ambalo mkono wa mtu yeyote aliyepotea ungefanya. Ulishika pete ya kukuza ukairudisha kutoka kumi hadi tano. Dirisha likapanuka, mteremko mzima ukaingia, na pale, kushoto kwa jiwe, kikaonekana kivuli chembamba cha kisahani. Alishusha pumzi kama aliyeona mlango wa nyumbani. Akakiweka kwenye kitone cha nne, akafyatua.

Vumbi liliruka juu, mbali kabisa na kisahani, karibu na kilele cha lundo.

"Imepita juu," akasema Mzee Burhani.

Darubini ya klabu ilikuwa ya namna ile ambayo picha inakua na kupungua, lakini msalaba na vitone vyake vinabaki saizi ile ile. Kwa hiyo vitone vinasema kweli pale pete ikiwa kwenye kumi tu. Ukirudisha tano, kila kitone kinahesabika viwili. Ukiweka kisahani kwenye cha nne, bunduki inainuka kana kwamba umekiweka kwenye cha nane, na risasi inakwenda kuwasalimia ndege. Msalaba wa katikati peke yake haubadiliki. Jambo hili Léonce alikuwa analijua. Alikuwa amelifafanua kwa Emérite mara tatu, mara mbili bila kuombwa.

Lakini saa ilikuwa inakwenda, visahani vilikuwa vimeonekana, na mtu aliyeokolewa haanzi kumkagua aliyemwokoa.

Sabini na tano, kitone cha kwanza.

"Juu."

Mia na ishirini, kitone cha tatu.

"Juu. Juu sana."

Mia.

"Juu tena, bwana wee."

Mtu mwingine yeyote angesikia "juu" mara nne akashusha mkono. Fundi baiskeli angeshusha. Lakini Léonce alikuwa amefundisha hisabati miaka kumi na mmoja, na moyoni mwake jibu likikataa kulingana, mwenye makosa ni dunia. Kitone ni kitone. Akarudi hamsini, msalaba wa katikati: ting. Unaona? Bunduki nzima, macho mazima. Mia na arobaini, kitone cha nne: vumbi kileleni.

"Mwalimu," Joséline akasema, "hiyo mlima imekukosea nini?"

Tatu zilizobaki nazo zikapita juu, na vuvuzela ikalia. Mbili kati ya kumi.

Léonce alisimama akijipangusa magoti. Risasi hizi ni moto, alisema. Zimetoka kiwandani na kasi kuliko inavyopaswa.

"Ni kisanduku kile kile atakachotumia mwenzako," akasema Mzee Burhani. "Tungoje."

Emérite alivua hereni, akazitia mfukoni, akajilaza. Hakugusa pete. Alitazama kwenye darubini kwa utulivu, midomo ikihesabu, halafu akamwashiria Joséline.

Nyeupe: ting. Vidole vyake vikapanda hadi zambarau bila jicho kuondoka kwenye kioo, kama anavyochukua chanuo mezani bila kuangalia. Msalaba katikati ya kivuli. Mita mia na arobaini risasi inachukua muda wake, kisha kutoka mbali sana: ting. Wanachama wakaacha kutafuna. Pinki: ting. Kijani: upepo ukavuma kutoka upande wa barabara, vumbi likatoka kulia. Nyekundu: ting. Akarudi nyeupe, zambarau, zote zikalia. Pinki ya pili haikulia. Kwa haraka alikuwa ameiweka nobu kwenye nyekundu, na risasi ikapita juu kidogo. Akaguna. Kijani ikalia, nyekundu ikalia, na vuvuzela ilipolia yeye alishakaa anavaa hereni.

Nane.

"Rangi zile mbili mmeziona?" Léonce akawaambia watu. "Pinki na nyekundu. Alichanganya. Hizo si rangi za kisayansi."

"Kweli," akasema Emérite. "Nitaibadilisha pinki. Nitaweka ya njano, kama ile ya kidole chako."

"Mimi nasema bunduki ina tatizo. Haiwezekani niende juu mara nane."

"Bunduki hii hii imetoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwangu, kaka. Ilipona njiani?"

Mzee Burhani alipiga magoti karibu na bunduki kwa taratibu za mtu mwenye presha, akaitazama darubini kutoka upande, akaita, "Léonce, njoo unisomee. Macho yangu si mazuri."

Léonce akainama. Namba iliyokuwa kwenye pete ilikuwa tano. Aliisoma kimya. Akaisoma tena, kana kwamba kuna tano za aina nyingi.

"Sauti," akasema Mzee Burhani.

"Tano."

"Na kule kibandani, juu ya meza ya chai, pamebandikwa karatasi. Imeandikwaje?"

Kila mwanachama aliijua karatasi ile, maana ndiyo waliyoisoma wakingojea maji yachemke. Iliandikwa kwa mwandiko safi wa ubaoni na kupigwa mistari miwili kwa rula: vitone hutumika pete ikiwa kwenye kumi, na kumi tu. Chini yake sahihi: Léonce.

"Eish," akasema mtu mmoja kwenye viti, kwa huruma.

"Hata yeye alipiga kwenye tano," Léonce akasema polepole.

"Niliikuta hapo," Emérite akajibu. "Kwangu haina neno. Mimi natumia msalaba wa katikati, na wenyewe haujali pete iko wapi. Tena nakushukuru, uliniachia dirisha pana. Vile visahani vyako ningevitafuta mpaka Krismasi."

Kulikuwa na kicheko, lakini kidogo, kwa sababu Léonce alikuwa anaangalia mlango wa kibanda, na kupitia mlango ule msumari ulionekana, na fulana. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepoteza majigambo.

"Mzee, nisikilize. Anayefaa kufundisha ni aliyekosea. Mimi sasa najua makosa yanaingilia wapi. Septemba wale kumi na wawili hakuna hata mmoja atakayesahau pete, kwa sababu nitawasimulia leo. Niliwahi kuwa mwalimu mzuri. Hilo tu ndilo ninalojua kufanya."

Mzee Burhani alikuna kidevu. Ilikuwa hoja, na wote waliona kwamba ni hoja. Alimtazama Emérite, akaitazama fulana, na kwa muda mfupi mambo yangeweza kwenda upande wowote. Hata Joséline aliishusha vuvuzela. Kama Léonce angenyamaza pale, akavumilia kunyamaza kwa sekunde kumi, huenda hadithi hii ingeanza kwa maneno mengine.

Lakini hoja ikishaonja ushindi inataka ya pili.

"Halafu fikiria, Mzee," akaendelea, na majigambo yakarudi na viatu vyake, "hiyo nobu ni hatari. Mtu anapita, anaigusa kwa bahati mbaya, au adui anaizungusha makusudi ukiwa umekwenda kunywa maji. Hujui kitu. Unalala, unapiga kumi, unakosa kumi. Vitone hakuna wa kuvigusa. Je, hapo, Mama Orpha, utasemaje?"

Emérite alikuwa ameshafika mlangoni. Aliitoa fulana kwenye msumari, akaikung'uta vumbi, akaivaa juu ya sweta, ikamkaa vizuri.

"Nitasema hivi, kaka Léonce. Mimi ili nikose zote, lazima kwanza apatikane adui. Wewe ulijitosheleza."